Maboksi ya Mama na Mfalme Sauli

Mama yangu ni mweusi tii, na mimi nimemfuata. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu ni huyu huyu aliyeuza krimu za kuchubua ngozi Kariakoo miaka yote niliyokuwa nasoma, na aliziuza vizuri kuliko mtu yeyote kwenye jengo letu. Mteja akisita mbele ya kabati, akiangalia rangi ya muuzaji, Mama alimwahi: "Mimi nimeshachelewa, mwanangu. Wewe bado una nafasi." Wanacheka, wananunua, na wiki inayofuata wanakuja na mashoga zao.

Simwonei haya. Alikuja mjini kutoka Kusini na begi moja mkononi na mimi mgongoni, akaanza kwa kutembeza sabuni za kipande nyumba kwa nyumba, mpaka akapata fremu yake mwenyewe ya duka. Anayedhani kupata fremu Kariakoo ni jambo dogo aje ajaribu. Nilikua nyuma ya kaunta ile, na kabla sijabalehe nilishajua nani amekuja kununua na nani amekuja kuuliza bei akajisifu kwa jirani. Mpaka leo mtu akiniita mtoto wa Kariakoo nachukulia ni sifa, hata kama alikusudia kunitukana.

Siku moja aliingia dukani binti aliyejifunika mtandio mpaka chini ya macho. Tulimfahamu. Alikuwa mteja wetu wa siku zote, na harusi yake ilikuwa imekaribia. Hakuja kugombana. Afadhali angekuja kugombana, maana kwa ugomvi Mama alikuwa hashindwi. Alishusha mtandio taratibu, tukaona mashavu yameungua, mekundu hapa, meusi kule, ngozi imekuwa nyembamba mpaka inang'aa. Akauliza kwa upole kama tuna poda nzito ya kufunikia, kwa ajili ya picha. Mama alimpa poda, akakataa hela yake, kisha akakaa kwenye kiti cha nyuma na mimi nikahudumia peke yangu mpaka tukafunga.

Jumapili iliyofuata, muda wa shuhuda ulipofika, Mama alisimama. Yeye si mtu wa kulia hadharani, na siku ile pia hakulia. Alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kukataa kupunguza bei, kwamba amemwahidi Mungu kuharibu kila krimu ya kuchubua iliyomo dukani mwake, za rahisi na za ghali, na hatabakiza hata moja. "Zote," akasema, na akarudia, "zote." Mimi nilikuwa upande wa kwaya nimevaa joho, na kichwa kilinivimba. Nilitaka kila mtu ageuke aone huyo anayesema ni wa kwangu.

Jumatatu tulianza kazi. Mama alishika mkasi, mimi nikashika ndoo. Tulianza na zile zilizokaa kabatini mpaka zikashika vumbi, zile zilizojitenga zikawa maji juu na mafuta chini, zile ambazo hata bure ungeona aibu kumpa mtu. Tulikata, tukakamua, tukamwaga. Jirani wa duka la mbele, mzee mmoja wa Kiarabu anayeuza udi na manukato, alikuja kusimama mlangoni akatuangalia. "Mwenyezi Mungu akutie nguvu, mama," akasema, na alimaanisha.

Ila na mwingine naye alikuja, winga. Kwa asiyejua, winga ni mtu asiye na duka wala bidhaa, mtaji wake ni mdomo. Anamnasa mteja barabarani, anamleta kwako, na chake anakiweka juu ya bei yako. Winga wetu alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na fulana ya timu ya Jangwani, ambayo nadhani alikuwa halali bila kuivaa. Alitazama ndoo, akatazama rafu ya juu, kule zilikokaa krimu za bei mbaya, zenye maboksi ya rangi ya dhahabu.

"Bi mkubwa," akasema, "hizo za bei chee mwaga, wala sina neno. Lakini hizi? Hizi wenzetu wa Zambia wanazisaka kama dawa. Usiuze wewe, niachie mimi. Jamaa yangu anaingia mjini Jumamosi ya wiki ijayo, anabeba zote. Hela peleka kanisani. Sasa hapo Mungu kakosa nini?"

Mama alisimama na mkasi wazi mkononi. Nilimwona anafikiri, na niliyajua mawazo yake kwa sababu uso ule nimeusoma tangu nikiwa mtoto mdogo.

"Mama, si ulisema zote?" nikamwuliza.

"Hizi si zangu tena," akanijibu. "Hizi ni za Mungu."

Akazishusha moja moja kwa heshima, akazipanga kwenye maboksi makubwa, akayafunga kwa selotepu. Nilinyamaza. Binti wa Kikristo habishani na mama yake mbele ya winga.

Basi sikilizeni kilichofuata. Kanisa letu lilikuwa limepanda, kuta zimeisha, kenchi za paa zimesimama, limebaki kuezekwa. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kutoa ahadi, na Mama akasimama akaahidi bati zote za upande wa kwaya. Peke yake! Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wakaziba masikio. Mchungaji alimwita mbele akamwombea, wazee wa kanisa wakampa mkono mmoja mmoja, na mzee mmoja ambaye alikuwa hajawahi hata kuitikia salamu yake vizuri akamwita "nguzo yetu". Mama alirudi kwenye kiti chake akitembea kwa mwendo ambao sikuwa nimewahi kuuona.

Maboksi tuliyapeleka nyumbani Magomeni, tukayapanga sebuleni kwenye ukuta, kumngoja jamaa wa Zambia. Na Jumamosi hiyo hiyo ya kufika kwake zamu ya jumuiya iliangukia kwetu.

Jumuiya yetu ni majirani waumini wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi na mapema, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kabla watu hawajaenda kwenye shughuli zao. Mama ndiye mwenyekiti. Somo linapangwa kanisani na jumuiya zote zinasoma lile lile, kwa hiyo asije mtu akadhani kuna aliyemtega. Kwa kawaida Mama hulisoma somo mapema na kuweka alama kwa kalamu. Wiki ile alikuwa na mambo mengi, hakulifungua.

Watu walikuja wengi. Viti vya plastiki vikaisha, mkeka ukajaa, na wengine wakabaki wamesimama. Mama mwenyewe alichukua kitenge chake kizuri, akakitandika juu ya maboksi, akasema, "Karibuni, kaeni hapa." Wakakaa. Aliyekaa katikati alikuwa bibi mmoja mkunga mstaafu, mnene kwa baraka za Mungu, aliyezalisha karibu nusu ya vijana wa mtaa. Nilipomwona anajiweka sawa pale juu niliyaombea maboksi yahimili.

Somo lilikuwa la Mfalme Sauli.

Nitalisimulia nilivyolielewa mimi. Sauli alikuwa kijana mrefu kuliko wote, mtoto wa mfugaji, aliyetoka nyumbani kutafuta punda wa baba yake waliopotea akarudi ameambiwa atakuwa mfalme. Siku ya kutangazwa alijificha kwenye mizigo kwa haya. Hakuanza vibaya hata kidogo. Baadaye Mungu akamtuma, kwa kinywa cha nabii, akapigane na taifa adui na kuangamiza kila kitu, pamoja na mifugo, asibakize kitu. Ni amri kali, na mimi nina maswali yangu juu yake ambayo nitamwuliza mwenye amri nikifika. Lakini ndiyo amri aliyopewa, na aliipokea.

Na alienda! Hapo ndipo wengi tunapomwonea Sauli, tunamsema kana kwamba alikataa. Alikusanya watu, akasafiri, akapigana, akashinda. Wale ng'ombe waliokonda na kondoo wagonjwa aliwamaliza wote bila huruma. Ila mfalme wa adui alimwacha hai, na wale kondoo walionona, wale wa kumfanya mtu ameze mate, akawaweka pembeni. Kisha akajijengea mnara wa ukumbusho. Nabii alipofika, Sauli alimpokea kwa furaha akamwambia kazi imekwisha, ameshatimiza alichoagizwa.

Jumuiya tunasoma kwa mzunguko, kila mtu aya yake. Mwanamke aliyekaa kulia kwangu ndiye aliyesoma pale nabii anapouliza: kama kazi imekwisha, hizi kelele za kondoo na ng'ombe ninazozisikia ni za nini?

Watu wakacheka kidogo. Na katika kile kicheko boksi la katikati likabonyea, bibi mkunga akazama nusu, akajishika kwenye ukuta. Mle ndani jua lilikuwa limeshaanza kupasha bati, na harufu ya zile krimu ikatoka. Kila mwanamke wa Dar es Salaam anaijua harufu ile. Tamu, nzito, ina kama tunda lililoiva kupita kiasi.

"Mwenyekiti," bibi akauliza, bila ubaya wowote, akitafuta tu mahali pa kuegemea, "hivi hapa mmetukalisha juu ya nini?"

Mama hakusita. "Vya kanisa hivyo, bibi. Navipeleka sokoni, niwaletee bati."

"Aah, sawa," akasema bibi, akajiweka vizuri. "Haya, tuendelee."

Aya iliyofuata ilikuwa yangu.

Niliisoma kwanza kwa macho. Niliwaza kusema nimesahau miwani, na miwani mimi sina. Mama aliona nimekwama. Aliinua uso akaniangalia, na nadhani alifikiri nimepotea mstari.

"Soma, mwanangu," akasema.

Nikasoma. Nikasoma mfalme anavyojibu kwamba wale wanyama wamebakizwa na watu, wale wazuri wazuri, ili watolewe sadaka kwa Mungu, na wengine wote wameangamizwa. Nilisoma kwa sauti ndogo lakini chumba kilikuwa kidogo zaidi. Nilipomaliza hakuna aliyepokea. Aliyekuwa anafuata alikuwa ameshika Biblia yake kama sahani ya moto.

Hapa niseme wazi nilichokuwa nakiogopa, kwa sababu hakikuwa bati wala aibu. Sauli alikuwa na maneno mengi. Kwanza alisema ni watu. Akibanwa akasema aliwaogopa watu. Na alipokubali kosa, kitu alichoomba ni nabii atembee naye, ili wazee wamwone bado anaheshimiwa. Kila alipofunguliwa mlango wa kurudi kwa Mungu wake alipita dirishani. Mama naye alikuwa na mlango na madirisha yote yale. Alikuwa na winga wa kumtwisha. Alikuwa na mimi, mtoto anayejua na aliyenyamaza. Alikuwa na bati, na hakuna mtu mle ndani ambaye angebishana na bati. Nikasali, na sala yenyewe ilikuwa fupi: Mungu wangu, asije akasema ni watu.

Mama alifunga Biblia akaiweka mapajani.

"Mlichokalia ni krimu," akasema. "Zile nilizowaambia kanisani nimeziharibu. Niliharibu zile mbovu. Zile nzuri nikabakiza."

Bibi mkunga alikitazama kitenge alichokalia.

"Na asiseme mtu nilishauriwa. Ushauri niliusikia, nikaupenda. Mikono iliyofunga maboksi hayo ni hii." Akaiinua, mikono yake miwili myeusi, akaishusha. "Nimemwahidi Mungu kitu kimoja, nikamletea kingine kikubwa zaidi ili asiniulize kile cha kwanza. Bati zenu sina, jamani. Mnisamehe. Sasa naomba mnyanyuke hapo."

Wakanyanyuka. Bibi mkunga alinyanyuliwa na watu wawili. Na kama kuna mtu alitaka kusema maneno ya kufariji, Mama hakumpa nafasi, alishaenda jikoni kutafuta mikasi.

Sitaisahau asubuhi ile kwenye ua wetu. Wanawake walijifunga kanga viunoni, kila mmoja na kisu au mkasi au wembe, wakakata zile krimu za dhahabu na kukamua kwenye shimo la choo cha zamani kisichotumika tena. Bibi mkunga alikalishwa kwenye kiti akawa anafungua vifuniko. Kulikuwa na dada mmoja aliyeomba abakiziwe kidogo tu, ya kupaka kwenye kisigino. "Kumbe Sauli naye alibakiza ya kisigino?" bibi akamwuliza, na watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Katikati ya kicheko hicho winga akaingia uani. Guta la kubebea mizigo alikuwa ameliegesha nje, na jamaa wa Zambia alikuwa anamngoja mjini. Alisimama, akaona lile shimo, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Bi mkubwa! Mnafanya nini sasa? Hiyo si hela hiyo?"

"Ndiyo," Mama akamjibu.

"Si tulishaongea?"

"Tuliongea mimi na wewe. Kuna mwingine niliongea naye kabla yako."

Aliangalia huku na huku akitafuta mtu mwenye akili, akaniangalia mimi. Nilimpa mkasi. Hakuupokea, ila alikaa kwenye kibaraza akanywa chai na maandazi ya jumuiya, akitikisa kichwa kila boksi lilipofunguliwa. Alipoondoka alimwambia Mama, kwa heshima kabisa, kwamba tangu ameanza kazi Kariakoo hajaona mtu wa namna yake. Nilipokea sifa hizo kwa niaba ya ukoo mzima.

Rafu zetu zilibaki na mapengo. Mzee wa udi alivuka njia kuja kuuliza, na Mama alipomweleza habari ya mfalme, alitabasamu. "Huyo hata kwenye Kurani yetu yupo," akasema, "ila sisi tunamwita Taluti." Halafu akamwuliza sasa atauza nini. Mama akamwambia sabuni za kipande. Alianza nazo, anaweza kuanza nazo tena.

Lakini kitu kigumu kilikuwa mbele. Kuungama mbele ya jumuiya, watu wa mtaani kwako, wanaojua mpaka siku ulizolala njaa, hilo unaweza kujikaza kisabuni likapita. Siku ya kukusanya ahadi ni kanisa zima, na majina yanaitwa kwa kipaza sauti. Nilimwambia Mama tunaweza kuongea na mchungaji mapema, jina lake liondolewe kimya kimya. Aliniangalia kama nimemwambia tupande ukuta.

"Waliponipigia vigelegele nilikuwepo," akasema. "Na kwenye hili nitakuwepo."

Ikafika Jumapili hiyo. Walioitwa walienda mbele na bahasha zao, wakapigiwa makofi. Alipoitwa Mama alienda mikono mitupu. Alivaa gauni lake la kawaida, na hakuuvaa ule mwendo. Akachukua kipaza sauti akasema kwamba alichokuwa amekiahidi kilitegemea kitu ambacho alishamwahidi Mungu kukiharibu, na ameshakiharibu, kwa hiyo bati za upande wa kwaya hana. Siku Mungu akimpa atasema. Akarudisha kipaza sauti.

Minong'ono ilianza. Mtu mmoja nyuma alicheka. Yule mzee wa "nguzo yetu" aliangalia viatu vyake. Mama alitembea njia yote ile ya katikati mpaka kwenye kiti chake, hakuharakisha wala hakuinamisha kichwa, na alipokaa alichukua kitabu cha nyimbo akatafuta ukurasa. Mimi kule kwenye kwaya nilitokwa na machozi ya majivuno, na wala siombi radhi kwa neno hilo. Sauli aliomba aheshimiwe mbele ya wazee. Mama yangu aliiacha ile heshima mbele, kwenye kipaza sauti, akaja kuketi bila nayo, na usiku akalala usingizi.

Kanisa liliezekwa, ila si lote. Bati ziliishia pale zilipoishia, upande wa kwaya ukafunikwa kwa turubai la bluu, tukaambiwa tuvumilie. Masika yalipokuja turubai lilijaa maji likatuna, likaanza kuvuja kwenye mishono. Jumapili moja mvua ilitupiga katikati ya wimbo. Majoho yalilowa, karatasi zikalowa, sauti ya kwanza ikasogelea sauti ya pili kutafuta pakavu, na pakavu hapakuwepo.

Kando yangu alikuwa mwimbaji mgeni, dada aliyehamia kutoka usharika mwingine, na alikuwa amechoka kwelikweli. Tulipokuwa tunangoja kinanda kimalize kupiga kati ya beti, alininong'oneza kwa hasira: "Hivi ni nani huyo aliyeahidi bati za huku kwetu, halafu hakuleta?"

Nilijifuta maji usoni.

"Mama yangu," nikamwambia, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mstari wa wanaume. "Mama yangu mzazi."